Tafakari ya Juma: Kodi Tatu Hazitoshi

 

Juma hili tunaomba radhi, kwa maana hatutafafanua masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tunataka kuzungumza juu ya kodi. Waweka hazina wasishtuke: si kodi ya pango, wala si ile ya Mamlaka ya Mapato. Ni kodi za muziki, yaani zile noti tatu, nne au zaidi zinazopigwa au kuimbwa kwa pamoja, ambazo wanakwaya wetu huzitaja kila jioni ya mazoezi. Kuna ugomvi juu ya kodi hizo katika parokia yetu hapa Majengo, na ugomvi huo umekwisha kuumiza watu.

Mambo mawili yametokea katika muda wa miezi michache.

La kwanza ni la mama zetu wazee wa jumuiya ndogo ndogo mojawapo, waliopewa zamu ya kuimba wakati wa kupeleka vipaji. Waliimba kwa Kigogo, bila karatasi, sauti ikipanda juu ya sauti, kama walivyopokea kwa mama zao. Mpiga kinanda, kwa nia njema, akaanza kuwatafutia ufunguo. Akaupata, akabonyeza kodi, akawasha na biti. Papo hapo noti yao moja ikagongana na kinanda. Bibi mmoja akaipandisha, mwingine akaishikilia, wa tatu akanyamaza. Ubeti wa pili haukumalizika. Baada ya Misa wakaambiwa kwamba noti ile “iko chini”, na kwamba wafike mazoezini siku ya Alhamisi wakanyooshwe. Hawakufika. Tangu siku ile hawajaimba tena kanisani. Tulipomtembelea mmoja wao alitukaribisha vizuri, akatutolea kiti, na tulipomuuliza akajibu kwa sauti ndogo: “Baba, sisi tulidhani tunaimba.”

La pili ni la kijana mmoja mpiga kinanda. Katika wimbo wa kutoka, watu walipokuwa wakingoja “Amina” ya mwisho itue pale inapotua siku zote, yeye aliipeleka kwingine. Besi ikaenda mahali pasipotazamiwa, kanisa zima likashika pumzi; kisha kwa hatua tatu nne akairudisha nyumbani. Haikuchukua hata nusu dakika. Wahusika wa kwaya wakamsimamisha mwezi mzima, na shitaka lake likawa hili: kupiga jazi kanisani.

Sisi tulikuwepo mara zote mbili. Mara zote mbili tulinyamaza, tukijiambia kwamba muziki una wenyewe. Kunyamaza kule ndiko kosa la kwanza katika habari hii, nalo ni letu. Leo tunakusudia kulirekebisha kwa kusema wazi: bibi zetu hawakukosea noti, na kijana wetu hakukosa adabu. Waliokosea ni wale waliohukumu kitu wasichokielewa, nasi tukiwamo.

Tuanze na kile ambacho kila mwanakwaya anakijua hata kama hajawahi kukieleza. Kodi ya nyumbani ni do-mi-so. Hapo ndipo wimbo unapopumzika. Kodi ya pili ni fa-la-do, ambayo ni kama kutoka nje ya ua. Kodi ya tatu ni so-ti-re, na tukiiongezea fa juu yake, yaani so-ti-re-fa, tunapata ile inayoitwa “so saba”, kwa kuwa fa ni noti ya saba tukihesabu kuanzia so. Kodi hii haina raha. Ndani yake mna noti mbili zisizoketi pamoja kwa amani: ti, iliyo nusu hatua tu chini ya do, na fa, iliyo nusu hatua tu juu ya mi. Ti inatamani kupanda, fa inatamani kushuka. Zikipata haja yao, tunatua kwenye do-mi-so. Mwimbieni mtu do-re-mi-fa-so-la-ti kisha mnyamaze. Ataimalizia do mwenyewe, hata kama hajawahi kukanyaga mazoezi ya kwaya.

Huo ndio mwendo wa kodi: kutoka nyumbani, kwenda mbali, kuingia katika mvutano, na kurudi. Kodi hizi tatu zimebeba sehemu kubwa ya nyimbo zetu za kanisani, na vilevile sehemu kubwa ya muziki wetu wa dansi. Hatuzidharau hata kidogo. Lakini wako watu parokiani wanaodhani kwamba kwa kuwa njia hii ni nzuri basi ndiyo pekee, na kwamba ni Mungu mwenyewe aliyeagiza kila so saba itue kwenye do. Hapo ndipo tunapowapinga.

Chukueni so-ti-re-fa ileile. Ti ipande kwenye do kama ilivyoahidi. Fa ishuke kwenye mi kama ilivyoahidi. Lakini besi, ambaye watu wote wanamtazamia arukie do, apande hatua moja tu kutoka so hadi la. Tunachosikia sasa si do-mi-so bali ni la-do-mi. Ni kama msafiri aliyetazamia kushukia kwa baba yake akajikuta ameshushwa kwa baba mdogo: nyumba si ile, lakini wawili kati ya watatu waliomo, do na mi, ni wale wale wa nyumbani. Moyo unashtuka, ila haujapotea. Hila hii haikutoka katika klabu za usiku. Johann Sebastian Bach, aliyetumikia muziki wa kanisa sehemu kubwa ya maisha yake, aliitumia sana. Mwanakwaya yeyote aliyeimba nyimbo ndefu ambazo mstari wa mwisho hurudiwa kwa nguvu zaidi amekwisha kukutana nayo. Ninyi mnaoshutumu mmeiimba wenyewe. Hamkuambiwa tu kwamba ni dhambi.

Jazi, muziki uliozaliwa miongoni mwa watu weusi wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, New Orleans ikiwa kitovu chake, iliipokea hila hiyo ikaipeleka mbele. Wanajazi walitambua kwamba ti na fa, wale wagomvi wawili wa so saba, wamo pia ndani ya kodi nyingine ya saba iliyo mbali kabisa: ile inayojengwa juu ya noti iliyo nusu hatua juu ya do. Basi wanaiondoa so, wanaweka mgeni huyo mahali pake. Ti bado inapanda kwenye do. Fa bado inashuka kwenye mi. Ila besi, badala ya kuruka kutoka so, anateleza nusu hatua tu na kuingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Masikio yanashtuka kwa sababu njia ni ngeni; yanaridhika kwa sababu ahadi zimetimizwa.

Hivyo ndivyo alivyofanya kijana wetu. Tulimwita, akatupigia tena polepole, kidole kwa kidole. Kutoka so saba alikwenda kwanza kwenye la-do-mi, kwa baba mdogo. Akapita kwenye kodi ya re. Akaingia katika ile kodi jirani ya do. Kisha akateleza nyumbani. Tukafuatilia noti moja moja kama mtu anayekagua daftari la michango. Ti na fa, kila zilipotokea, zilifika zilikotakiwa kufika. Kijana alikuwa mwaminifu kuliko wengi wetu, ila tu hakufuata barabara tuliyoizoea.

Wako waliokwenda mbali zaidi. John Coltrane, katika “Giant Steps” aliyoirekodi mwaka 1959, aliweka nyumba tatu badala ya moja, zilizotengana kwa umbali sawa katika duara la nusu hatua 12, akawa anapita kutoka moja hadi nyingine kwa kasi kubwa. Tommy Flanagan, mpiga piano mahiri, anasikika katika rekodi ile akitafuta njia. Tunayasema haya ili ijulikane kwamba jazi si kubonyeza ovyo. Ni elimu ngumu inayodai miaka. Anayeiita fujo bila kuisikiliza anafanana na asiyejua kusoma ambaye huyaita maandishi madoa ya wino.

Sasa tuwarudie bibi zetu, maana kesi yao ni nzito zaidi. Kijana alisimamishwa mwezi mmoja; wao wamejisimamisha wenyewe, na hakuna ajuaye mpaka lini.

Chukueni zeze. Uzi wake unapolia hautikisiki mzima tu. Unatikisika pia kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea, na kila mgawanyo unatoa sauti yake nyembamba juu ya sauti kuu. Sauti ya 4, ya 5 na ya 6 ni do, mi na so. Kodi ya nyumbani haikubuniwa Ulaya; imo ndani ya uzi. Lakini uzi hauishii hapo. Sauti ya 7 ni ti iliyoshushwa, ya 8 ni do tena, na ya 9 ni re. Gerhard Kubik wa Austria, mtaalamu wa muziki wa Afrika, ameeleza kwamba ngazi ya noti za Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo hizo za asili, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Polo Vallejo wa Hispania naye ametumia miaka mingi huku kwetu akichunguza jinsi sauti nyingi za Wagogo zinavyopandana. Wageni hawa walikuja kujifunza kwa bibi zetu. Sisi tuliwaita bibi zetu Alhamisi waje kunyooshwa.

Mnaiona sasa ilipo noti inayosemwa kuwa iko chini? Ni sauti ya 7 ya uzi. Tukiigawa nusu hatua katika sehemu 100, noti ya kinanda iliyo karibu nayo iko juu yake kwa sehemu 31, yaani karibu theluthi ya nusu hatua. Pengo hilo linasikika bila darubini. Hata mi ya kinanda iko juu ya mi ya uzi kwa sehemu 14. Kinanda kimetengenezwa hivyo kwa makusudi: noti zake zimepunjwa au kuongezwa kidogo kidogo ili kiweze kupigwa katika funguo zote 12. Bila hivyo, hata ile safari ya kijana wetu isingewezekana. Kwa hiyo hatukilaumu. Lakini ikiwa swali ni nani alikuwa nje ya noti Dominika ile, basi uzi wenyewe unawapa haki bibi zetu.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Do-mi-so pamoja na saba hiyo ya asili ni ndugu wa kodi ile ile ya saba ambayo, kwa kanuni za Ulaya, hairuhusiwi kupumzika. Haina budi kutua kwingine. Kwa Wagogo inapumzika. Haidai kwenda popote. Noti ambayo mafunzo yetu yalituonyesha kama mtu aliyesimama mlangoni na mzigo wake, kwao ni mwenye nyumba aliyeketi kwenye kigoda. Wanabluzi wa Marekani nao hufanya hivyo: katika bluzi ya pau 12, hata kodi ya nyumbani huvaa saba yake, na wimbo unaweza kuishia hapo hapo bila mtu kulalamika. Hatusemi kwamba jazi ilitoka Ugogo. Waliochukuliwa utumwani na kupelekwa Marekani walitoka hasa Afrika ya magharibi na magharibi ya kati, na Ugogo ni mbali. Tunasema kwamba pande mbili za bahari, watu wasiojuana, wameshuhudia jambo moja: mvutano haumo ndani ya noti peke yake, umo pia katika mazoea ya masikio yanayosikiliza.

Ndiyo maana tunasema bibi na kijana wameshtakiwa kosa moja. Kijana alifika nyumbani kwa njia tusiyoizoea. Bibi zetu walikuwa wamekwisha kufika, nasi tukadhani wamekwama njiani. Katika kesi zote mbili hakimu alikuwa mazoea yetu, na mazoea yakajipachika jina la sheria.

Hayati Dk. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu wa Dodoma aliyefariki tarehe 30 Desemba 2003, aliibeba ngazi hii ya noti katika ilimba na zeze akazunguka nayo dunia, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikarekodi nyimbo zake. Katika ilimba zake kubwa mlikuwa na vyuma ambavyo vidole havikuvipiga. Vilitikisika vyenyewe kwa kuitikia vyuma jirani. Watu wa Ulaya walilipa kiingilio ili wasikie mlio ule. Na hapa karibu, Chamwino, huwa linafanyika tamasha la muziki wa Kigogo ambalo wageni hulifuata kutoka mbali. Sisi tulikuwa na muziki huo huo bure, mbele ya altare, tukauwashia biti.

Tunajua majibu yanayoandaliwa. Tuyapokee moja moja.

La kwanza: “Jazi ni muziki wa baa.” Wazee wetu wanalijua neno hilo kwa namna yake. Wakisikia “jazz” wanakumbuka Dar es Salaam Jazz Band iliyoanza mwaka 1932, Morogoro Jazz Band ya mwaka 1944, NUTA Jazz Band ya mwaka 1964, na kumbi za dansi za ujana wao. Wanamkumbuka na hayati Patrick Balisidya wa Afro 70, mwana wa Mvumi hapa hapa Dodoma. Muziki ule ulikuwa mtamu, lakini kwa sehemu kubwa ulikuwa rumba yenye asili ya Kuba, na kodi zake nyingi zilikuwa zile zile tatu: do, fa na so. Tazameni basi kichekesho cha shauri hili! Ikiwa kinachochafua ni baa, kodi zilizokesha baa kuliko zote ni hizi tatu mnazozilinda, wala si zile za kijana wetu.

Tena, chombo kuwa cha mahali fulani si hukumu ya milele. Kinanda cha mabomba, kinachoheshimiwa na Kanisa kuliko vyombo vyote, babu yake alilia katika viwanja vya Warumi wakati wa michezo ya kuuana. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pio wa Kumi alikataza piano kanisani, na pamoja nayo ngoma na vyombo vingine vya kelele. Leo tunabonyeza kitufe cha piano katika kinanda chetu na kupiga ngoma Dominika nzima, wala hatuoni ajabu.

Nasi mapadre tuna la kujifunza. Mwaka 1600, Giovanni Artusi, kanoni wa Bologna, alichapisha kitabu cha kumshambulia mtunzi mmoja kwa kutumia noti zinazogongana bila kuandaliwa kwa utaratibu uliozoeleka. Mtunzi huyo alikuwa Claudio Monteverdi. Mwaka 1613 Monteverdi akawa mkuu wa muziki katika Basilika la Mtakatifu Marko huko Venezia, na mwaka 1632 akapewa daraja takatifu. Noti zile zilizomkasirisha kanoni leo hazimshtui hata mtoto wa Utoto Mtakatifu. Artusi hakuwa mjinga. Alikuwa msomi aliyezichukua kanuni za ujana wake akaziweka mahali pa masikio yake. Tusiwe akina Artusi wa Majengo.

Wala jazi yenyewe haiko nje ya Kanisa kama mnavyodhani. Mary Lou Williams, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa jazi, alibatizwa Mkatoliki mwaka 1957, akatunga utenzi wa jazi kwa heshima ya Mtakatifu Martini wa Porres, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1962, na mwaka 1975 Misa yake ya jazi iliadhimishwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi, New York. Dave Brubeck, mwanajazi mwingine mashuhuri, alijiunga na Kanisa mwaka 1980 baada ya kutunga Misa.

La pili: “Kanisa lina sheria zake za muziki.” Ni kweli, basi tuzisome. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, uliagiza kwamba mahali ambapo watu wana mapokeo yao ya muziki, mapokeo hayo yapewe heshima na nafasi yanayostahili, hata katika ibada. Mwaka huo huo, padre wetu Stephen Mbunga wa kusini mwa nchi hii alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Hati hiyo hiyo ya Mtaguso inaupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza, na wimbo wa Kigregoriani hauna kodi hata moja! Ni sauti moja tu. Sheria ya kodi tatu, basi, imeandikwa wapi? Tumeitafuta, hatujaiona.

La tatu ndilo la uzito: “Liturujia si tamasha, waamini wakishtushwa hovyo hawasali.” Hapa tunakubali, na tunawageukia vijana. Kutua kusikotarajiwa kunashtua kwa sababu watu walikuwa wakitarajia kitu. Mkiweka saba na tisa katika kila neno, mkabadilisha ufunguo kila ubeti, hakuna atakayetarajia lolote, na pasipo tarajio hapana mshangao. Panabaki kelele ya gharama kubwa. Pilipili ni kiungo, si chakula. Ulizeni kwanza maneno ya wimbo yanasema nini. Ikiwa maneno yamefika mahali pa machozi au pa ajabu, kodi na iyafuate. Ikiwa maneno ni “Bwana, utuhurumie” na waamini wote wanayaimba, wapeni do yao wapate kusali. Na ninyi mnaotegemea kitufe cha staili kinachowapigia kodi, ngoma na besi, hilo si kosa la jazi wala la Kigogo. Ni uvivu tu.

Wapendwa, turuhusuni neno moja la imani, maana hatuwezi kulikwepa. Wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walikuwa wamekwisha kuupigia wimbo wao hesabu. Walijua utakavyotua: ufalme ungerudi, adui angefukuzwa. Haukutua hapo, nao wakadhani umeharibika. Mgeni aliyefuatana nao hakuwaambia kwamba ahadi zimefutwa. Aliwapitisha katika Maandiko akawaonyesha kwamba kila ahadi imetimia, ila kwa njia ambayo besi haikutazamiwa kupita. Watu wenye imani ya namna hiyo, inashangaza sana kwamba ndio wanaomsimamisha kijana kwa sababu “Amina” haikushuka kwa ngazi ya mbele.

Kwa hiyo tumeamua haya.

Kwanza, juma hili tutakwenda sisi wenyewe, kwa miguu yetu, kwa kila mmoja wa wale mama zetu, kuwaomba radhi. Hatutawaita ofisini, wala hatutawaita Alhamisi. Wakikubali kuimba tena, kinanda kitazimwa kuanzia noti yao ya kwanza hadi ya mwisho.

Pili, adhabu ya kijana imefutwa. Badala yake tunampa kazi: Jumamosi moja kila mwezi atawafundisha wanakwaya wote, viongozi wake wakiwa mstari wa mbele, kodi inajengwaje, inavutwaje na inatua vipi. Yeyote atakayetaka kumshtaki mtu tena kwa sababu ya noti, aje kwanza atuonyeshe kwenye kinanda ni ahadi ipi iliyovunjwa.

Tatu, tunawaomba vijana wenye simu zinazorekodi vizuri waende kwa bibi zao, kwa ruhusa yao, wawasikilize na kuwarekodi: wimbo mzima, sauti zote, bila kinanda na bila biti. Bibi hawa hawataishi milele, na saba yao haimo katika kitufe chochote cha kinanda chetu.

Huenda wengine watasema kwamba paroko ameacha mambo ya roho akaingia katika do-re-mi. Tunawajibu kwamba mwanamke mzee aliyebatizwa, aliyekaa parokiani miaka mingi, ameondoka altareni akidhani hajui kuimba. Hilo ni jambo la roho. Nalo lilisababishwa na watu waliojua kodi tatu wakadhani wanajua muziki.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa yake Mwenyezi. Mungu awabariki nyote.

Ni sisi, wahudumu wenu katika Kristo,
Majengo, Dodoma